Tulivyofika Kalengera juu ya Pikipiki Isiyowaka

Siku ya arusi yangu nilitakiwa kulia. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alinifundisha wiki nzima: kichwa chini, shela usoni, machozi ya polepole, bila makelele ya mtu aliyefiwa. Sisi tulikuwa watu wa milima ya Masisi tuliokuja kukaa Goma, na kwetu bibi arusi aliyeaga wazazi wake akicheka aliwatia watu wasiwasi. Wangesema amechoka na nyumba ya baba yake. Wengine wangesema tu kwamba hana akili. Nami tangu alfajiri nilikuwa na kicheko kimekaa chini ya koo. Kinapanda, ninakimeza, kinapanda tena.

Kilichonichekesha kilikuwa pikipiki.

Mwanaume aliyekuwa ananioa alikuwa anfirmiye, muuguzi wa dispanseri ya Kalengera, kule kwenye barabara ya kwenda Rutshuru. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo, na mtu wa kwanza katika kilima chao kuwa na pikipiki yake mwenyewe. Aliinunua kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa imezeeka tayari, rangi yake kijani cha majani, na ilikuwa na honi ya mpira ambayo ukiibana inalia kama bata aliyekanyagwa. Kila alipokuja Goma kuchukua dawa nilimsikia kabla ya kumwona. Nilikuwa nashona katika chumba cha masista, na ile sauti ikifika kwenye kona ya soko, mshono wangu ulikwenda upande. Sista aliyetusimamia akiniona nimeanza kufumua, alijua kuna mtu amefika mjini.

Goma ya miaka ile, miaka ya hamsini, ilikuwa ndogo. Ndosho, ambako leo watu wamebanana mpaka hakuna pa kuweka mguu, kulikuwa vichaka na mashamba ya maharagwe juu ya mawe meusi ya volkano. Pikipiki moja iliweza kusikika mji mzima. Kwa hiyo mji mzima ulijua kwamba ninachumbiwa.

"Siku ya arusi," aliniambia, "sitakupakiza kwa kamioni kama gunia ya maharagi. Utatoka kanisani nyuma yangu, juu ya pikipiki, mupaka kwa mama yangu."

Aliniambia mimi, akamwambia mama yake, na mama yake, ingawa hakuwa mtu wa maneno mengi, alikiambia kilima chote. Basi wiki ya arusi, akija Goma kuona kama viatu vyake vipya viko tayari, pikipiki ikamfia njiani, kule Kibumba. Injini ilibana, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Aliishukisha mpaka mjini, mara akiisukuma, mara akiipanda pale mteremko ulipomruhusu, na siku ile kwa mara ya kwanza alifika kwetu bila mimi kusikia kitu. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni, amejaa vumbi, mikono imening'inia.

"Imekufa," alisema.

Nilidhani ni mtu. Nilipoelewa kwamba ni pikipiki nilianza kucheka, na nadhani tangu dakika ile sikuacha mpaka siku tulipofika Kalengera.

Fundi wa Goma aliifungua, akaifunga, akasema chuma kinachotakiwa kitatoka Bukavu, na kitakuja kitakapokuja. Arusi haikuweza kungoja chuma. Ikabaki kwamba pikipiki yenyewe lazima irudi Kalengera kwa kubebwa, pamoja na sisi wote. Na mwenye kubeba alikuwa mchuuzi mmoja wa kule, mtu mnene aliyecheka kwa tumbo lote, mwenye kamioneti ya kusafirishia kahawa na maharagwe. Ndiye aliyeteremka na ukoo wa bwana arusi asubuhi ile, na nyuma ya kamioneti alikuwa amefunga remoriki, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili ambacho siku nyingine kilivuta magunia.

Tukaoana. Padri alituuliza, tukajibu, tukatia sahihi. Tulipotoka nje watu wakapiga vigelegele, zile impundu za mama zetu zinazopanda mpaka masikio yanawasha, halafu wanaume wote wakaniacha na shela yangu pale mlangoni, wakaenda kufunga pikipiki.

Sikuwahi kuona watu wakiwa na furaha vile. Mchuuzi alikuwa amepigilia kwenye sakafu ya remoriki kitu alichokiita kale: vipande viwili vizito vya mukaratusi vimesimama sambamba, na kingine kimelala mbele yao. Gurudumu la mbele linaingia katikati, linakamatwa, haliwezi tena kugeuka wala kwenda mbele. Alikichonga kwa ajili ya pikipiki za wazungu wa mashamba, ambazo mara kwa mara alizipeleka kwa fundi, na alijivunia kazi yake.

"Ikisha kuingia mule ndani," alisema, "hata shetani haitoi."

Wakaisukuma pikipiki juu ya ubao, moja, mbili, tatu, ikapanda, gurudumu likaingia kwenye kale, na papo hapo likaanza kuyumba. Zile pikipiki za mashamba zilikuwa na matairi manene. Tairi la mume wangu lilikuwa jembamba, likacheza mule ndani kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake. Mchuuzi aliliangalia kwa huzuni kubwa. Halafu akaenda nyuma ya nyumba ya mapadri akarudi na vipande vya mgomba, yale maganda mazito ya shina, akayakunja na kuyashindilia pande zote mbili mpaka gurudumu likatulia.

Kisha zikaja kamba. Mchuuzi alipanda akakaa juu ya kiti cha pikipiki kwa uzito wake wote ili springi zishuke, na mume wangu, koti la arusi amelivua, akafunga kamba mbili kutoka kwenye usukani, moja kulia, moja kushoto. Mchuuzi alipoinuka springi zikataka kupanda, kamba zikazikatalia, zikakaza kama nyuzi za inanga, zeze la kwetu. Ya tatu ikafungwa nyuma upande wa kulia. Na ya nne?

"Kamba ya ine iko wapi?" mume wangu aliuliza.

Iliangaliwa chini ya kamioneti. Iliangaliwa ndani ya magunia. Mwishoni baba mkwe wangu, muzee mdogo mwenye kofia kubwa, alinyoosha fimbo yake kuelekea kwenye kamioneti. Kamba ya nne ilikuwa shingoni mwa mbuzi, zawadi ya wajomba zangu, aliyekuwa amesimama kati ya waimbaji waliokuja na ukoo, akila ua la karatasi.

Wakabishana kama wabunge. Mume wangu alisema mbuzi anaweza kushikwa kwa mkono. Waimbaji wakasema wao mikono yao ni ya ngoma. Muzee akamaliza:

"Mbuzi ikitoroka hairudi. Pikipiki iko na miguu?"

"Hapana, baba."

"Basi."

Mume wangu akavaa koti lake. "Nitakaa juu yake miye mwenyewe," alisema. "Kama inataka kulala, nitaisimamisha na uzito yangu. Shofere ataenda polepole."

Mimi nilikuwa nimepangiwa nafasi mbele, kati ya mchuuzi na baba mkwe, mahali pa heshima, ambapo ningeangalia magoti yangu mpaka Kalengera. Niliangalia ile nafasi. Niliangalia kiti cha nyuma cha pikipiki. Sijui nani alifungua kinywa changu.

"Na miye nitapanda."

Shangazi alishika kifua. "Weye! Na nguo nyeupe, juu ya chuma ya mafuta? Watu watasema nini?"

"Watasema ameketi karibu na bwana yake, shangazi."

"Uko unacheka?"

"Hapana, shangazi." Nilikuwa nimeuma shela.

Wote wakamgeukia muzee. Alivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Mutoto wangu aliambia mama yake ataleta muke juu ya pikipiki," alisema. "Hakusema pikipiki itatembea yenyewe."

Shangazi alivua kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni ili mafuta yasiguse nguo, akakaza fundo kwa hasira, halafu akaenda yeye mwenyewe kukaa kwenye ile nafasi ya heshima. Mama yangu alikuja kuniaga. Alilia vizuri sana, machozi ya polepole kama yalivyotakiwa, na baba yangu akakohoa akiangalia ziwa. Nilifunika uso. Mabega yangu yalianza kutikisika, sikuweza kuyazuia, na nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu akisema, "Maskini, huyu anapenda sana mama yake." Ilikuwa kweli. Nilimkumbatia kwa nguvu zangu zote, na yeye, aliyenizaa, alinisikia nikicheka chini ya shela na akanifinya mkono. "Enda, mutoto wangu," alininong'oneza. "Enda kabla hujapasuka na kicheko."

Nikapandishwa. Mume wangu alikaa mbele, mikono kwenye usukani, na mimi nyuma yake, mikono kiunoni mwake mbele ya watu wote, jambo ambalo siku nyingine lingeleta kesi. Kamioneti ikawaka. Waimbaji wakapiga ngoma. Mume wangu akabana honi, na tukatoka kanisani juu ya pikipiki, kama alivyoahidi.

Kwa mtu aliyesimama kando ya barabara, remoriki ile na mbao zake fupi za ubavuni haikuonekana sana. Alichoona ni bwana arusi na bibi arusi wamekaa wima juu ya pikipiki ya kijani, wanaifuata kamioneti kwa adabu, bila kelele, bila moshi. Watu waliweka mizigo chini. Watoto walikimbia nasi mpaka pumzi ikawaishia. Mume wangu, mtu yule wa sauti ndogo, alianza kunyoosha mkono kwenye kila kona kuonyesha tunakokwenda, kana kwamba kulikuwa na njia nyingine. Usukani haukuweza kugeuka hata kidogo, ulikuwa umekamatwa na kale, lakini yeye aliinamisha mwili kwa ustadi, nami nikainama naye.

Nje ya mji tulimpita mtu wa baiskeli mwenye mikungu ya ndizi. Kwa kuwa kamioneti ilikwenda polepole, alitufikia tena, akakanyaga sambamba nasi, macho kwenye injini.

"Bwana," alisema, "mbona yako hailie?"

"Ni ya aina mupya," mume wangu alimjibu.

Yule mtu alitikisa kichwa kwa heshima. "Na mafuta? Inakunywa mingi?"

"Tangu asubuhi haijakunywa hata tone."

Nilificha uso katika mgongo wa mume wangu. Nilisikia mgongo wenyewe unatikisika.

Barabara ilipanda kati ya mawe meusi na migomba, Nyiragongo kushoto kwetu, moshi wake umesimama wima siku ile. Kibumba tukaingia ndani ya ukungu. Kule kuna baridi siku zote, na manyunyu yakaanza, yale madogo ambayo hujui kama ni mvua au ni wingu limechoka. Waimbaji waliteremsha turubai la kamioneti, hatukuwaona tena, tulisikia tu ngoma na sauti zao ndani kama watu wanaoimba katika pipa. Na hapo upepo ukachukua shela yangu.

Ilinitoka kichwani taratibu, ikapanda, ikanyooka, ikapita juu ya ukingo wa barabara hadi kwenye malisho, na ikashuka juu ya pembe za ng'ombe mmoja mwekundu aliyekuwa anakula peke yake. Ng'ombe aliinua kichwa. Shela ilimfunika mpaka kwenye pua. Aliendelea kutafuna.

Nikapiga kelele. Mume wangu akabana honi, akabana tena, akabana bila kuacha. Ndani ya turubai waimbaji walisikia honi wakadhani ni shangwe, wakaongeza sauti. Mchuuzi aliposikia sauti zinaongezeka akaongeza honi yake. Tulikuwa makelele matupu yanayopanda mlima. Lakini mchungaji, kijana mwenye blanketi mabegani, alikuwa ameona. Aliitoa shela kwenye pembe za ng'ombe, akaruka mfereji, akatukimbilia. Mlima ulikuwa mkali, kamioneti ikipumua kwa shida, akatufikia bila taabu, akanipa shela mkononi huku akikimbia.

"Mama, ng'ombe yangu karibu iolewe!"

"Asante sana, ndugu yangu! Mungu akubariki!"

"Munaenda wapi na pikipiki ndani ya sanduku?"

"Kalengera!"

"Bwana, unaendesha vizuri!" alimpigia mume wangu kelele, halafu akasimama katikati ya barabara akicheka ameshika magoti, mpaka ukungu ukamficha.

Baada ya Kibumba barabara inaanza kushuka, na hapo tukagundua kitu ambacho mchuuzi hakukifikiri. Maganda ya mgomba yanapokuwa makavu yanashika. Yakilowa na kupondwa yanateleza kama samaki. Nilisikia kwanza mtikisiko mdogo chini ya kiti. Kisha nikaona ganda moja linatoka kwenye kale, linateleza sakafuni, linadondoka barabarani. La pili likalifuata. Gurudumu la mbele likaanza kugonga mbao, kushoto, kulia, kushoto, na pikipiki, ambayo nyuma upande wa kushoto haikuwa na kamba, ikaanza kulala taratibu kama mtu anayesinzia katika mahubiri.

Mume wangu alishusha mguu mmoja kwenye sakafu, akasukuma. Ikasimama. Kona ikaja, ikalala tena, zaidi.

"Piga honi!" nilisema.

"Wataimba!"

Ilikuwa kweli. Kila honi ilituletea ubeti mwingine. Upande wa kushoto, ng'ambo ya ubao mfupi, niliona mawe ya barabara yanapita na chini yake bonde lenye migomba, na kwa mara ya kwanza siku ile kicheko kilikaa kimya. Niliogopa. Nilifikiri: nitafika kwa mama mkwe bila meno.

"Nipe viatu yako," nilisema.

"Nini?"

"Viatu!"

Aliniangalia juu ya bega. Viatu vile vilikuwa vyeusi, vipya, vya ngozi ngumu, na vilikuwa vimembana tangu kanisani hata alipokuwa anaapa uso ulikuwa na jasho. Alivua kimoja kwa kisigino cha kingine, mkono mmoja kwenye usukani, akavua cha pili, akanipa. Niliteremka kutoka kwenye kiti, nikatambaa kwenye sakafu ya remoriki na nguo yangu nyeupe, nikifunga mdomo ili nisiume ulimi. Gurudumu lilikuwa linapiga mbao mbele ya uso wangu. Nilingoja lije kulia, nikasukuma kiatu kwenye nafasi ya kushoto, pua kwanza, nikakipiga kwa ngumi mpaka kisigino kikakaa. Lilipotaka kurudi halikuweza. Nikatia cha pili upande wa kulia, nikakaa chini, nikakikanyaga kwa miguu yote miwili kama mtu anayekanyaga ndizi za kasiksi, pombe ya kwetu. Gurudumu likanyamaza.

"Muke wangu!" alipiga kelele. "Imeshika!"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nilikuwa nimekaa chini, mikono myeusi kwa mafuta, utomvu wa mgomba magotini, na neno lile lilinipanda kichwani kuliko pombe yoyote niliyokunywa baadaye maishani. Nikasahau kuogopa. Nilifungua kitenge cha shangazi, nikakisokota kama kamba, nikakipitisha kwenye chuma chini ya kiti cha nyuma, nikakifunga kwenye pete ya ubao wa kushoto, upande ule uliokuwa hauna kitu. Nilikaza kwa goti. Nilifunga fundo, na juu yake jingine, na juu yake jingine. Halafu nikapanda tena nyuma yake, na hapo kicheko kikarudi chote pamoja, na yeye akacheka, soksi zake mbili za kijivu zimekanyaga chuma, tukapita Rugari tukicheka hivyo bila kusema neno.

Rumangabo, mlinzi wa mbuga aliyekuwa kando ya barabara alituona tunakuja. Alisimama wima, akainua mkono kwenye kofia. Mume wangu alirudisha saluti. Kisha mlinzi akaona miguu yake, na mkono ukabaki hewani.

Kalengera walikuwa wanangoja tangu mchana. Watu walijipanga pande zote za barabara, kanisa zima, dispanseri nzima, wagonjwa wenye bandeji zao. Kamioneti ilipotokea impundu zikaanza, na tulipotokea sisi nyuma yake, wima, honi inalia, zikakatika kwa mshangao, halafu zikalipuka upya. Mchuuzi alizunguka uwanja wa baba mkwe akasimama. Turubai likafunguliwa. Waimbaji wakateremka, mbuzi akateremka. Shangazi akatoka mbele, akaja mbio kunipokea, akaniona, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yesu! Nani amekupiga?"

Nilijaribu kushuka. Sikuweza. Nilipofunga yale mafundo, nilikuwa nimefunga ndani yake upindo wa nguo yangu ya arusi. Mume wangu naye hakushuka, kwa sababu ya soksi, na uwanja ulikuwa na tope. Tukabaki pale juu, watu wakituangalia, na katikati yao njia ikafunguka, akaja mama mkwe.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye uso ambao sikuweza kusoma kitu ndani yake. Alikuja mpaka kwenye remoriki. Aliangalia pikipiki. Aliangalia kale, na vile viatu vipya vimebanwa pande mbili za gurudumu. Aliangalia soksi za mtoto wake. Mwisho aliniangalia mimi, na nywele zangu, na mafuta, na shela niliyokuwa nimeifunga shingoni isipotee tena.

"Lia," shangazi aliniambia kwa meno. "Lia sasa."

Nilijaribu. Nilifikiria nyumba yetu, nilifikiria mama yangu. Niliinamisha kichwa, nikavuta pumzi, na kilichotoka kilikuwa kicheko kikubwa ambacho hata leo sijui nilikitoa wapi. Uwanja mzima ulikisikia. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili ya mafuta, ikabaki alama usoni.

Mama mkwe hakubadilika.

"Inaumiza?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Kukaa juu ya hiyo kitu. Inaumiza?"

"Hapana, mama. Ni muzuri sana."

Alikunja kitenge chake kidogo juu ya kifundo cha mguu, akanyoosha mkono kwa mchuuzi.

"Nisaidieni nipande."

Kisu kikaletwa, upindo wangu ukakatwa kutoka kwenye fundo, nikasogezwa pembeni kwenye ubao. Mama mkwe alipandishwa na watu, akakaa nyuma ya mtoto wake, mgongo umenyooka, mkono mmoja kwenye bega lake. Mchuuzi aliwasha kamioneti bila kuulizwa na akaanza kuzunguka uwanja. Mzunguko wa kwanza uso wake ulikuwa ule ule. Katika wa pili alinyoosha mkono mbele ya mtoto wake, akabana honi mwenyewe, akashtuka kwa sauti yake, na akatoa kicheko chembamba, cha juu, kama msichana aliyemwagiwa maji kisimani. Muzee, chini pale, alivua kofia yake. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa amekisikia kile kicheko tangu watoto wao walipokuwa wadogo.

"Tena," alisema mama mkwe.

Tukala, tukacheza mpaka jua likashuka nyuma ya milima. Mchuuzi alipotaka kwenda kwake alijaribu kufungua kamba, lakini manyunyu ya Kibumba yalikuwa yamezivimbisha, hata kucha hazikuingia katika mafundo. Akaiacha remoriki pale uwanjani na pikipiki yake juu.

Asubuhi nilikuwa jikoni na mama mkwe, tunamenya viazi, tukiwa bado tunaoneana haya. Wanawake wa kanisa walikuja kumsalimia bibi arusi, na mlangoni wakaanza kuvuta viti.

"Hapana, viti acheni," mama mkwe aliwaambia. Alijifuta mikono, akasimama, akawaonyesha pikipiki kule uwanjani. "Mujipange pale, moja nyuma ya mwengine. Muke wa mutoto wangu ataonyesha namna ya kukaa."

Nikaweka kisu chini, nikatoka kuwaonyesha.